Njia ya Jiweni, Mwaka Huu

Nehemia,
uliniuliza kwa simu njia ya kufika jiweni,
nikakwambia subiri, nikaitazame kwanza.
Nimeitazama. Andika.

Ukishuka Kwedikole, pikipiki ni elfu mbili.
Watakwambia mvua imekula barabara.
Kweli imekula, lakini imeanza kula tangu Machi,
na Machi ilikuwa elfu mbili.

Pita ofisini kwa kijiji. Usipite kwa nyuma
kama ulivyofanya na yule mwenzako wa viatu vya njano.
Mtendaji ni mpya, anaitwa Semkuya,
ana daftari la wageni na hana wageni;
utakuwa jina la tatu, baada ya bwana chanjo na mtu wa sensa.
Sema unakuja kupanda jiwe.
Atauliza: huko juu kuna nini?
Usijibu "hakuna kitu."
Jibu hilo ndilo lililomfanya yule aliyeondoka
akushuku madini.
Sema: kuna kushuka.
Atacheka, atatafuta muhuri.

Kisha fuata ukingo wa mkonge mpaka miiba iishe.
Hapo ndipo kwa Mnyamisi.
Mwaka jana ulikatiza kwenye mihogo yake.
Mashina kumi na moja, Nehemia,
na mpaka leo anayataja moja moja
kama waliokufa.
Safari hii kapanda ufuta. Zunguka na mfereji,
hata kama kamba zako ni nzito,
hata kama jua limekutangulia.

Sasa sikia vizuri.
Ulizoea kufika kwenye jiwe lile la ng'ombe aliyelala,
ukageuka kulia.
Ng'ombe hayupo.
Tulimchoma kwa matairi siku nne,
wa tano akapasuka kwa kishindo cha mlango wa stoo;
tukamponda, tukampima kwa ndoo.
Mgongo wake uko chini ya zahanati ya Handeni.
Kichwa kilimlipia Sefu ada ya kidato cha pili,
na kwato
tulikula.

Na ile meza uliyokaa kufunga mkanda kiunoni
imeondoka juzi, lori la tani saba.

Basi usigeuke kulia. Geukia sauti.
Nyundo ziko kumi na mbili;
inayochelewa ni yangu, kwa sababu ya bega.
Palipo peusi usikanyage, chini bado kuna moto.
Funika macho. Kokoto haijui mgeni.

Ukuta mkubwa wa matale upo.
Usinishukuru, hatukuuacha kwa ajili yako.
Moto hauuingii,
na nyundo ukiipiga pale inarudi kumtafuta mwenyewe.
Ila ule ufa wa katikati, wa kusimama,
ninaoutazama kila asubuhi nikitamani kabari,
wewe unatia mkono mpaka kiwiko
na kuning'inia humo kama nguo iliyosahauliwa.
Nilikutazama nusu saa, nyundo chini.
Nikafikiri: huyu siku sita hukwea minara ya simu Tanga mjini
kwa mshahara,
ya saba anakuja kukwea bure.
Nikasema moyoni, ana wazimu.
Halafu nikaona sijaponda hata ndoo moja.

Ule unga mweupe unaojipaka viganjani,
ulioniachia kwenye kifuko cha chumvi, umekwisha.
Ulishika mpini vizuri kuliko majivu.
Leta mwingine. Mwajabu naye anataka.

Uje kabla ya Idi.
Mwenye lori ameagiza tani arobaini,
na nusu ya njia niliyokuelekeza hapa
imo ndani ya hesabu yake.
Ukichelewa, usiifuate karatasi hii.
Nipigie.
Jioni, tafadhali; mchana sisikii.